Somo la Saba la Balozi

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne niliponuia, kimoyomoyo, kumpindua mwenye nyumba wangu. Nyumba yake sikuitaka. Niliutaka ubalozi wake.

Siku zile kila nyumba kumi za mtaa zilikuwa na balozi, na bendera ya chama ilining'inia mlangoni kwake. Mgeni akifika kutoka shamba, anapelekwa kwa balozi aonekane. Mke na mume wakirushiana vyombo, wanaitwa kwa balozi. Ukitaka barua ya kumwombea mtoto shule, unaanzia kwa balozi. Hakuwa na mshahara, na ofisi yake ilikuwa benchi la mbele ya nyumba, lenye mguu mmoja uliotegewa tofali. Lakini akitokea mlangoni, watu waliokaa kwenye benchi lile walisimama. Hicho ndicho nilichokionea wivu.

Mchana kutwa nilikuwa mpiga taipu katika shirika moja la umma karibu na bandari. Niliandika barua za wakubwa, na mchango wangu ulibaki herufi mbili ndogo chini ya ukurasa, ambazo hakuna aliyezisoma. Nilijiona nina akili nyingi kuliko kazi yangu. Pengine nilikuwa nazo, sijui, ila majivuno nilikuwa nayo ya kutosha kugawa.

Balozi wetu alikuwa Bibi, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa mtu wa pwani wa tangu na tangu, mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya kukata. Nyumba yake ilikuwa Kariakoo, hatua chache kutoka Msimbazi, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati na uani nyuma. Mimi na mume wangu tulipanga chumba cha pili kushoto. Sisi tulitoka Kilimanjaro, Wakristo, wageni wa mji kwa miaka miwili tu. Mume wangu alikuwa fundi saa, mtu mpole ambaye angeweza kukaa siku nzima bila kusema maneno kumi.

Bibi alinipenda kwa njia yake, yaani kwa kunichokoza.

"Wachaga nyie mkilala mnaota duka," alikuwa akiniambia.

"Na nyie wa pwani mkiota duka mnaamka mkapumzike," nami nilimjibu, na hapo alicheka mpaka akashika ukuta.

Kitu kimoja hakukifanyia utani, nacho ni uongo. Aliwahi kumtoa mpangaji kwa sababu alimwagiza mkewe aseme hayupo, naye yupo chini ya kitanda. Kodi hakuwa akidaiwa. Alitolewa kwa ule uongo tu.

Mwanzoni mwa masika mumewe alifariki, na Bibi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane haendi popote. Hata barazani hakutoka. Alivaa nguo nyeupe, akakaa chumbani kwake na mkeka na msahafu wake, na kesi za nyumba kumi zikawa zinasikilizwa kupitia pazia. Watu waliketi koridoni wakaeleza ugomvi wao, na hukumu ikatoka ndani bila uso. Nadhani walimwogopa zaidi hivyo.

Eda ilikuwa na wiki mbili alipokuja katibu wa tawi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnyoofu, aliyebeba kila agizo la wilayani kama mtu aliyebeba mayai. Aliketi koridoni kwenye kigoda, akakohoa, akaliambia pazia:

"Shikamoo Bibi. Pole tena na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

"Bibi, kuna agizo. Kila balozi ahudhurie semina ya uongozi pale Mnazi Mmoja. Masomo kumi na mawili. Asiyehitimu anaachia nafasi, anashika mwingine. Nimekuja mwenyewe kwa sababu naijua hali yako."

Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni kwangu, na mkono ulisimama wenyewe.

"Mimi mlango siuvuki," Bibi akasema. "Nikiuvuka ili nibaki balozi, ubalozi huo utakuwa wa nini? Sikiliza. Nitamtuma Mchaga wangu. Ataenda, atasikia, atarudi kunieleza. Siku nikitoka eda, njoo na huyo mwalimu wenu mnihoji mbele ya watu wangu. Nikijua, nabaki. Nisipojua, mchukue yeye. Kasoma, na hana uvivu."

Katibu alifikiri, akaona agizo halijavunjika, akakubali. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nikainamisha uso juu ya ungo ili nisionekane nikifurahi.

Ndiyo hali niliyoingia nayo. Bibi alinituma niende kumwokolea cheo chake, nami nilikwenda nikijua kwamba akishindwa, nitakirithi. Sikupanga kumdhuru. Nilijiambia kwamba mzee kama yule, asiyejua kusoma isipokuwa msahafu, hawezi kuyashika masomo kumi na mawili kwa kusimuliwa, na kwamba hilo halitakuwa kosa langu.

Semina ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu, katika ukumbi wenye madirisha marefu na viti vya mbao vilivyobana mapaja. Tulikuwa mchanganyiko wa ajabu: wenye maduka ya jumla kutoka kwetu, ambao walitazama saa kila baada ya sentensi, wazee wa pwani waliovua viatu mlangoni kama msikitini, na akina mama wa sokoni waliosinzia kwa zamu, mmoja akilala mwenzake anasikiliza. Mwalimu alikuwa kijana wa chuo, suti ya mikono mifupi, chaki mfukoni. Alifundisha vizuri, lazima niseme. Alitufundisha kujitegemea, usafi wa mtaa, ulinzi wa zamu, namna ya kuendesha mkutano mpaka mtu wa mwisho apate nafasi ya kusema. Mambo mengine tuliyajua kwa desturi, lakini ilipendeza kuyaona yameandikwa ubaoni, kana kwamba serikali nayo imeyagundua.

Nikirudi, kazi ilianza upya. Bibi alikuwa ananisubiri, chai ya tangawizi imefunikwa.

"Haya. Mwalimu kasemaje?"

Hakutaka muhtasari. Alijifunza kama alivyojifunza utotoni chuoni, kwa maalimu wa Kurani: mimi ninatamka sentensi moja, yeye anairudia mara tatu, akijitikisa taratibu mbele na nyuma, na hatuendi mbele mpaka imekaa. Kisha alinirudisha mwanzo, somo la kwanza hadi lililofika, kila siku, bila kuruka. Nilichoka mpaka nikatamani kulia. Kufikia wiki ya pili nilijua jambo ambalo sikulitarajia, kwamba alikuwa anayashika yote, na mimi, kwa kumrudishia, nayashika pia kuliko mwenye duka yeyote pale ukumbini. Na alikuwa anayabishia. Somo la kusuluhisha ugomvi lilisema balozi asikilize pande zote mbili.

"Pande tatu," Bibi akasema. "Na jirani wa ukutani. Huyo ndiye anayejua."

Nilianza kuzipenda jioni zile. Mume wangu alikula peke yake, bila kulalamika, na harufu ya udi ikaingia hata kwenye nguo zangu za kazini.

Basi ikafika Jumatatu ya wiki ya tatu, siku ya somo la saba. Nilipotoka kazini nilimkuta mume wangu getini, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata kama kisu. Mtu yule hakuwahi kunifuata kazini. Akasema sinema ya Kihindi iliyokuwa inasemwa mji mzima inaonyeshwa kwa mara ya mwisho leo.

"Nina semina," nikamwambia.

"Najua," akasema, akabaki amesimama.

Nilimwangalia. Tangu tuje mjini hatukuwa tumetoka pamoja hata mara tatu. Nikampitia mwenye duka mmoja wa kwetu, wa semina ile ile, nikamwomba aniitikie jina likisomwa, nikaenda sinema. Nililia tangu nusu ya filamu mpaka taa zikawashwa, na mume wangu alinishika mkono gizani. Siijutii jioni ile mpaka leo.

Lakini nyumbani pazia lilikuwa limefunguka kidogo, na chai ilikuwa tayari.

"Haya. La saba. Mwalimu kasemaje?"

Ningesema kweli ningeponea hapo. Nilimkumbuka mpangaji wa chini ya kitanda. Nikaogopa, nikafungua mdomo nikitegemea kitu kitatoka, na kilichotoka kilikuwa cha mama yangu. Kule mlimani, kila jioni, mama alisimama ukingoni mwa migomba akatazama moshi wa nyumba za jirani. Nyumba isiyotoa moshi, hakwenda kuiuliza kitu. Kesho yake alipeleka mkungu wa ndizi na kusema, nitunzieni huu, kwangu hakuna nafasi. Hakurudi kuufuata.

"Somo la saba ni majiko," nikasema. "Balozi lazima ajue jiko gani halikuwaka leo. Asiulize, maana mtu akiulizwa anaona aibu. Atazame moshi tu. Akijua, apeleke kitu, na asimtaje mtu huyo popote."

Bibi hakurudia. Aliufunika msahafu wake, akanigeukia.

"Huyu mwalimu wenu ni mtu wa wapi?"

"Sijui, Bibi."

"Ana mama, huyu." Akatikisa kichwa. "Ila hapa mjini tunapikia mkaa. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kutazama. Somo halikutaja majivu?"

"Lilitaja," nikasema. "Na majivu."

"Hapo sawa." Akairudia mara tatu, akijitikisa, na mara ya tatu sauti yake ililegea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, akasema, na masomo sita yote yaliyopita yalikuwa ya wenye shibe.

Nilijisikia vibaya, ila si kiasi cha kusema kweli. Nilijipa moyo kwamba nitaomba daftari la mtu nilijue somo lenyewe, kisha nitamwambia nilichanganya. Jumatano mwalimu akaingia somo la nane, na mimi nikaacha.

Nilidhani litabaki maneno. Kumbe Bibi hakujifunza kitu ili akiweke kichwani tu. Alfajiri ya Jumanne, kesho yake tu ya sinema, alikuwa amewaita wanawake wa nyumba yetu mmoja mmoja, akawaambia watupie jicho majivu. Kila jiko lina majivu, na kila mwanamke huyamwaga asubuhi kichochoroni, au huyaweka kwenye kopo asugulie sufuria. Walianza kutazama, kwa siri, wakiwa wanafagia. Siku ya tano mmoja akaleta taarifa nyuma ya pazia. Katika nyumba ya sita kuna mwanamke aliyejifungua majuzi. Kila asubuhi anatoka na sufuria, anaisugua kwa kishindo watu wasikie, lakini majivu ya kusugulia anaomba kwa jirani. Siku ya tatu sasa.

Tulimjua. Mumewe alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa kusini, mkimya, asiyeonekana mkutanoni. Gunia lilikuwa limemwangukia mguuni, na kibarua asiyekwenda kazini hana kazi. Hawakuwa wamemwambia mtu.

"Wali na mchuzi," Bibi akasema. "Mchaga peleka wewe, huna ndugu huku, hutakuwa na wa kumhadithia. Sema ni sadaka ya marehemu. Sadaka ya marehemu haikataliwi."

Nikapeleka chakula katika bakuli kubwa la Bibi, kimefunikwa kwa kawa. Yule mwanamke alikipokea bila kunitazama usoni. Nikapeleka tena kesho yake, na tena, nikimimina katika bakuli lile lile nililoliacha kwake, karibu wiki tatu, mpaka mumewe alipoanza kukanyagia ule mguu. Nikiwa njiani na kile chakula nilikuwa na furaha ya ajabu, na katikati ya furaha hiyo mwiba mdogo, kwamba jambo jema kuliko yote niliyowahi kuyafanya mjini hapa lilianza kwa uongo.

Eda ikaisha. Bibi akaogeshwa, akavaa kanga mpya, akafukizwa udi, akatoka barazani. Jua lilimfanya afumbe macho. Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, katibu alikuja na yule mwalimu kijana, na watu wa nyumba kumi wakajaa: wengine kwenye mabenchi, wengine kwenye mikeka, wengine wamesimama. Kuli wa nyumba ya sita naye alikuwapo, mara ya kwanza, ameegemea ukuta upande wa kivuli. Mume wangu alisimama nyuma kabisa.

Mwalimu akauliza. Bibi akajibu. Somo la kwanza, la pili, la tatu. Aliyatoa kama maji, na sehemu alizozipinga alisema wazi kwamba hapo anapinga. Watu walianza kutabasamu. Katibu aliweka alama kwenye karatasi yake kwa raha. Nami niliyaona yote yanakuja.

"Somo la saba," mwalimu akasema.

"Balozi ajue jiko lisilowaka," Bibi akasema. Akaendelea mpaka mwisho, moshi, majivu, kutouliza, kupeleka, kutomtaja mtu.

Mwalimu alimgeukia katibu. "Hilo silo. Somo la saba ni kuandikisha wageni wanaolala. Nimelifundisha mwenyewe."

Katibu akainua kalamu kutoka kwenye karatasi yake.

"Bibi," katibu akasema, na sauti ilikuwa ya mtu asiyependa anachokisema, "hili umelitoa wapi? Umelibuni?"

Mwanamke yule, aliyemtoa mtu nyumbani kwa sababu ya neno moja la uongo, aliulizwa hivyo mbele ya nyumba zake kumi. Alinitazama kama unavyotazama mahali unapoweka ufunguo kila siku, na leo haupo.

"Nimefundishwa," akasema. Hakusema na nani.

Katibu akanigeukia. "Binti. Ndivyo ulivyomfundisha?"

Nitasema kilichonipitia, maana nimekusudia kusema yote. Niliwaza kwamba nikisema hapana, wataamini. Mzee, alikuwa eda, ana majonzi, amechanganya. Watamhurumia, na mimi nitakuwa balozi kabla ya mchana. Bendera itahamia dirishani kwangu. Niliwaza hivyo kwa urefu wa pumzi moja, na pumzi hiyo inanitia aibu kuliko sinema.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemfundisha mimi, na nilidanganya. Siku ile sikwenda semina. Nilikwenda sinema."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na mume wangu akageuka kutazama ukuta. Bibi hakucheka. Uso wake ulifungwa.

"Kwa hiyo na wewe somo la saba hukulisoma," katibu akasema.

"Sikulisoma."

"Basi hakuna aliyehitimu hapa." Akavua miwani, akaifuta. Halafu, nadhani kwa wema, akamwambia Bibi: "Hata hivyo, hili la majivu, je, limeshamsaidia mtu? Nipe mfano mmoja, Bibi. Mmoja tu, na jina, niuandike. Wilayani wakiona limefanya kazi, hawatakutoa."

Mfano ulikuwa umeegemea ukuta hatua sita kutoka pale alipokaa. Nilimwona yule kuli akitazama vidole vya miguu yake. Bibi hakumtazama yeye wala nyumba yake wala upande wake.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akasema. "Mfano sina, mwanangu. Na aliyekuwa anapeleka, naye hana."

Hilo la mwisho lilikuwa langu. Nikafunga mdomo.

Katibu akahema. Akasema basi, kwa kuwa wote wawili wamekosa somo moja, na majina yote mawili yameshafika tawini, wananchi waamue wenyewe, kwa mstari, kama kawaida. Anayemtaka Bibi asimame nyuma ya Bibi. Anayemtaka binti asimame nyuma ya binti. Tukasimamishwa huku na huku, mbali kidogo, tunatazamana.

Hakuna aliyesogea. Watu waliogopa wilaya, nadhani, na karatasi ya katibu. Kila mtu alisubiri mwenzake aanze. Ndipo kuli akajitoa ukutani. Bado alikuwa anachechemea. Alipita katikati ya uwazi ule, watu wote wakimtazama, mtu ambaye wengi hawakuijua hata sauti yake, akaenda kusimama nyuma ya Bibi, mikono mgongoni. Baada yake wakaenda wenye maduka wawili wa mtaani, wakaenda wanawake wa nyumba yetu, kisha wakaenda wote kwa pamoja kama maji yaliyofunguliwa.

Nyuma yangu nikasikia mtu mmoja anapumua. Alikuwa mume wangu.

"Nenda kule," nikamnong'oneza.

"Na wewe utabaki na nani?"

"Mimi mwenyewe naenda kule."

Nikaenda, nikasimama mwisho wa mstari wa Bibi. Mume wangu akabaki pale pale, peke yake, nyuma ya mtu ambaye hayupo, kwa sababu alishasema moyoni kwamba atasimama nyuma yangu na hakuona sababu ya kubadilisha. Katibu akamhesabu. "Huku mmoja," akasema, akaandika. Kwa kura ile moja nimemsamehe mengi katika miaka arobaini.

Bibi alibaki balozi. Mwalimu kijana akaomba, kwa adabu, aandike lile somo la majivu katika daftari lake, na Bibi akamtamkia polepole. Chai ikapikwa. Watu walikunywa wakiwa wamesimama, wakanitania kuhusu sinema, wakaniuliza nani alikufa mwishoni. Lakini Bibi hakusema nami. Kikombe changu alimpa mtu mwingine anipe. Nilikaa kwenye ncha ya benchi nikijua kwamba cheo amekipata, na mimi nimempoteza yeye, na kwamba kati ya vitu viwili hivyo ni kimoja tu nilichokuwa na shida nacho tangu mwanzo. Nililia kidogo, ndani ya chai.

Watu walikuwa bado wamejaa pale mke wa kuli alipotoka nyumba ya sita. Mtoto alikuwa mgongoni, na mikononi alibeba bakuli kubwa jeupe lenye ukingo wa buluu. Hakuna mtu mtaani asiyelijua bakuli lile. Lilikuwa la Bibi, la shughuli, na lilitoka kwake likiwa na chakula tu. Mtaani pale chombo cha watu hakirudi kitupu, na mwanamke yule alikuwa amekaa nalo wiki zote hizo akisubiri apate cha kutia ndani. Sasa alikuwa amepata: ndimu nne. Alivuka njia mbele ya macho yote, shingo imenyooka. Naamini alikuwa amekusudia. Mfano aliouficha Bibi, alikuwa anauleta mwenyewe.

Wanawake wawili wakatazamana. Nikaona wameanza kuelewa.

"Bibi, shikamoo. Bakuli lako."

"Marahaba mwanangu." Bibi akalipokea kwa mikono miwili. Akaziangalia zile ndimu. Kisha akapaza sauti, ile ya kukata, mpaka wa nyuma wakasikia. "Huyu ndiye mtu. Nilimwazima la kumwogeshea mtoto, na mimi nikasahau kabisa kwamba liko kwake. Mngapi hapa mna vyombo vyangu na mmenyamaza?"

Watu wakacheka, wawili watatu wakainamisha vichwa kwa sababu kweli walikuwa navyo, na mazungumzo yakarudi. Mwanamke alisimama pale kidogo, halafu akakaa kwenye mkeka na wenzake, akapewa chai.

Kati ya wote waliokuwa barazani, aliyelibeba bakuli lile kulipeleka nilikuwa mimi. Hakukuwa na mtoto wa kuogeshwa katika habari ile. Bibi alikuwa amesema uongo, wazi, mchana, mbele ya katibu wa tawi, na alijua kwamba ninajua. Akageuka taratibu mpaka macho yetu yakakutana, akanitazama muda mrefu.

"Unakaa kufanya nini?" akaniambia. "Njoo uchukue hizi ndimu ukakamue. Na uniletee hilo somo la wageni, jioni. La kweli."